Sifa Alizopewa Mama Constance

Katika shirika lao la Nyamugo, jumuiya ndogo ya Wakristo wa mtaa ule, mtu akiugua, jina la kwanza kutajwa lilikuwa la Mama Constance. Yeye ndiye aliyeongoza kamati ya huruma, yaani wale kina mama wanne waliotumwa na shirika kuwatembelea wagonjwa, waliofiwa na walioishiwa. Kazi hiyo aliifanya miaka tisa. Alijua nani anaona aibu kupokea kitu mbele ya watoto wake, nani anataka kuombewa, na nani anataka tu mtu wa kuketi naye bila kusema neno. Mwaka ule benki zilikuwa zimefungwa tangu vita viingie mjini, walimu hawaoni mshahara, na hata wale waliozoea kutoa walikuwa wameanza kuhitaji kupewa. Constance hakuacha. Alipita nyumba kwa nyumba na kikapu chake, hapa akipokea kikombe cha maharagwe, pale kipande cha sabuni, akapeleka kwa aliyezidiwa zaidi.

Nyumba yake ilikuwa ya mbao, kama nyumba zote za mteremko ule, na ilibanana na ya jirani hivi kwamba ukuta mmoja ulitosha nyumba mbili. Upande wa pili wa ukuta aliishi Agnès, mjane wa kutoka Bunyakiri, aliyekimbia vurugu za kwao pamoja na binti yake Glody wa miaka saba. Agnès alikuwa akikaanga maandazi mlangoni pake kila asubuhi. Alikuwa mtu wa maneno machache, na Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya kwao, ambayo watoto wa mtaa waliiga wakimcheka. Alikuwa ameingia katika shirika lakini hakuwa na ndugu hata mmoja mjini.

Marcellin, mume wa Constance, alikuwa fundi wa redio na simu. Alijenga kibanda chake nyuma ya nyumba, na ili kibanda kipate umeme alivuta waya kutoka ndani, akaupitisha katika ule ukuta wa mbao, bila kumwambia mwenye nyumba wala mtu mwingine. Waya wenyewe ulikuwa wa zamani, umeungwa sehemu tatu kwa vipande vya mfuko wa plastiki.

Ijumaa moja ya mwezi wa saba, wakati wa kiangazi, Constance alisikia harufu ya plastiki inayoungua. Aliifuata harufu hadi ukutani, akaweka kiganja kwenye ubao. Ulikuwa wa moto. Marcellin aliporudi alimwonyesha. Marcellin aligusa, akanusa, akasema Jumatatu ataleta waya mpya, na kwamba sasa ana simu za watu za kumaliza. Constance alitaka kwenda kumweleza Agnès, maana kitanda cha Agnès kilikuwa kimeegemea ukuta huohuo. Marcellin akamkataza. Alisema Agnès ataogopa na kumwambia mwenye nyumba, na mwenye nyumba atawafukuza.

Kesho yake asubuhi Constance alikwenda kununua maandazi kwa Agnès kama kawaida. Alisimama pale mlangoni kwa muda. Agnès alimuuliza kama kuna neno. Constance akasema hakuna, akachukua maandazi yake, akaenda zake kumwona mgonjwa huko Muhumba.

Moto ulianza kabla ya saa sita mchana. Constance aliuona moshi akiwa bado njiani kurudi, na alijua kabla ya kuambiwa. Alipofika, watu walikuwa wakipasua mabati kwa mashoka na kutupa magodoro chini ya mteremko. Vichochoro vya pale ni vyembamba, gari la kuzima moto lisingeweza kupita hata kama lingekuja. Watu walirusha maji ya kufulia, matope, mchanga. Kufikia saa nane nyumba ishirini na sita zilikuwa majivu.

Mzee Ezéchiel, aliyekuwa amelala kitandani tangu apooze upande mmoja, hakutolewa. Agnès ndiye mtu pekee aliyejaribu. Aliingia kwa mzee, akamshika chini ya makwapa akimvuta, na bati la moto likamwangukia mikononi. Vijana walimtoa yeye, lakini mzee alibaki ndani. Bruno, mwana wa mzee huyo, alikuwa kazini upande wa Ibanda, na alipofika alikuta kilichobaki cha baba yake kimefunikwa kitenge.

Watu waliketi juu ya vitu vyao vilivyookolewa, na mtu mmoja akauliza moto umetoka wapi. Ndipo Marcellin aliposema, kwa sauti ya kawaida kabisa:

“Imetoka kwa Agnès. Si anapikaka pale na makala kila siku?”

Hakuna aliyebisha. Jiko la makaa la Agnès lilijulikana na kila mtu, na ule waya ulikuwa umeyeyuka pamoja na ukuta. Constance alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwa mumewe. Aliona wanawake wanageuza nyuso kumtafuta Agnès, ambaye wakati ule alikuwa amekwisha kupelekwa kituo cha afya. Constance alisubiri mtu mwingine aseme neno la kupinga. Baadaye, alipokuwa akisimulia habari hizi, alisema kwamba hapo ndipo alipopotea, wala si ile Ijumaa. Ijumaa aliogopa tu. Lakini siku hiyo alikuwa na nafasi ya kusema, mdomo ulikuwa wake, na hakuutumia.

Jumapili Padri Pascal alihubiri kwa ukali. Alisema hataki kusikia watu wakiwapa pole waliounguliwa na kisha kurudi nyumbani kufunga milango. Kila familia iliyobaki na nyumba ipokee familia moja isiyo na nyumba. Aliye na sufuria mbili atoe moja. Asiye na kitu aende akachimbe matope ya kujengea. Hivyo ndivyo Mkristo anavyombebea mwenzake mzigo, alisema, kwa mgongo wake mwenyewe. Na watu waliitika. Nguo zilikuja kwa mafungu, mikeka, sahani, hata mabati mapya kutoka kwa mfanyabiashara mmoja ambaye hakutaka jina lake litajwe. Constance na Marcellin walipata chumba kwa binamu ya Marcellin huko Cimpunda.

Siku ya kugawa, shirika lilikutana uani kwa Yolande, mama mmoja wa kamati ya huruma ambaye nyumba yake haikuguswa. Bruno alikuwa katibu wa shirika, na licha ya msiba wake alikuja na daftari, akasoma majina ya familia zitakazopewa. Alipomaliza, Yolande aliuliza:

“Na Agnès?”

Bruno aliweka kalamu chini. Alisema kama kuna mtu anataka kuandika jina lile, achukue kalamu aandike mwenyewe. Watu wote walimtazama Constance. Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa huruma, na neno la mwisho katika mambo hayo lilikuwa lake. Constance alitazama ile kalamu, akasema:

“Tuendelee.”

Wakaendelea. Agnès hakupata kitu.

Wiki ya pili Constance hakuweza kumeza chakula. Aliulizauliza mpaka akapata mahali Agnès alipo: katika nyumba isiyomalizika kujengwa, upande wa juu wa Cimpunda, isiyo na mlango, ambako mlinzi wa vifaa alimwonea huruma akamwachia kona moja. Mikono yake ilikuwa imefungwa vitambaa vilivyokauka na kushikana na kidonda. Glody alikuwa akimlisha mama yake ugali kwa mkono.

Constance aliweka kikapu chini, akachemsha maji, akatia chumvi kidogo, akaanza kulowesha vitambaa vile hadi vikaachia. Agnès alilia bila sauti. Kazi ilipokwisha alisema:

“Maman Constance, ni weye tu ulikuya. Batu bote benye kujua jina yangu, ni weye tu.”

Tangu siku hiyo Constance alikwenda mara tatu kwa juma. Alipeleka unga, sombe ya majani ya muhogo, dawa ya kupaka, daftari la Glody. Alimfulia. Alimchana nywele. Kila alipotoka pale alihisi nafuu kidogo, na nafuu hiyo ilimchukiza, kwa kuwa alijua anaipata wapi.

Habari zikasambaa. Mwanzoni watu walimlaumu kwamba anamlisha mwuaji wa mzee. Kisha, kama ilivyo desturi ya watu, maneno yakageuka. Wakasema huyu ndiye Mkristo wa kweli. Nyumba yake iliteketea, na bado anamwosha vidonda yule aliyeiteketeza. Jumapili moja ya mwezi wa tisa Padri Pascal alilisema hilo altareni. Hakutaja jina, lakini alisema kuna mama kati yetu, nanyi mnamjua, ambaye ametufundisha sote kusamehe. Vichwa viligeuka. Bibi mmoja aliyekaa nyuma ya Constance aliweka mkono begani mwake na kuuacha hapo hadi mwisho wa mahubiri. Marcellin, aliyeketi kando yake, alitazama mbele.

Nyumbani Constance alimwambia mumewe kwamba hawezi tena, lazima ukweli ujulikane. Marcellin alikuwa akikaza skrubu ndogo kwenye simu ya mtu. Hakuinua macho.

“Ukisema, batanifunga,” alisema. “Muzee alikufa, Constance. Ile haiko kosa ya kuomba pardon tena. Na weye, si unamusaidia? Unamupikia, unamufulia. Basi, inatosha.”

Neno hilo lilimkaa Constance kifuani siku nyingi. Lililomuumiza ni kwamba Marcellin alikuwa amesema wazi yale ambayo yeye mwenyewe alikuwa akijiambia kila anapobeba kile kikapu.

Katikati ya mwezi wa kumi mikono ya Agnès ilikuwa imefunga vidonda, lakini vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimeshikamana na havikuweza kukanda unga. Siku moja Constance alimkuta ameketi akijaribu kukunja na kukunjua. Agnès alimwambia ameamua kwenda shirikani Jumapili kuomba msamaha mbele ya Bruno.

Constance alimuuliza anaomba msamaha wa nini.

Agnès alisema amefikiri sana. Anakumbuka siku ile alimaliza kukaanga mapema, akamwagia makaa maji, akayageuza, akamwagia tena. Anaona kabisa moshi mweupe unavyopanda. Lakini watu wote wanasema ni jiko lake, na watu wote hawawezi kukosea. Labda anakumbuka siku nyingine. Labda kaa moja liliruka.

“Mwanzo nilikuwa nabisha mu roho,” alisema. “Sasa sibishi tena. Ni miye niliua ule muzee. Nataka nimuambie mutoto wake.”

Constance alirudi kwake bila kuaga vizuri. Alikuwa amekubali kumwona Agnès akikosa nyumba, sufuria, hata heshima, kwa sababu hivyo vyote alidhani anaweza kuvirudisha kidogo kidogo kwa kikapu. Hakuwahi kufikiri kwamba wangemwondolea Agnès hata kumbukumbu ya mikono yake mwenyewe.

Jumapili ile walikutana tena uani kwa Yolande, baada ya misa. Watu wapatao thelathini walikuwepo, na Marcellin pia, maana kulikuwa na habari ya mabati yaliyobaki. Agnès aliingia na Glody. Mazungumzo yakakatika. Alitembea moja kwa moja hadi alipokaa Bruno, akapiga magoti, na kwa kuwa mikono yake haikuweza kushikana vizuri aliiweka tu juu ya mapaja.

Alisema alichokuja kusema. Alisema moto ulitoka kwake, hakutaka, na anaomba Bruno amsamehe kama Mama Constance alivyomsamehe.

Bruno alikuwa ameinamisha kichwa. Mtu mmoja nyuma alianza kulia, na mwingine akasema Mungu asifiwe. Constance aliona jinsi kila kitu kilivyokuwa karibu kutengenea. Bruno angemwinua yule mwanamke. Shirika lingempa sufuria na pengine bati moja. Padri angesimulia kanisani. Na kila mtu angekwenda nyumbani na moyo mweupe isipokuwa watu wawili, na hao wawili wangeweza kuishi.

Alisimama.

“Haikukuwa jiko yake,” alisema.

Marcellin alimwita jina, mara moja, polepole. Constance hakugeuka. Alieleza yote kwa mfuatano, kama mtu anayesoma: waya, plastiki, ubao wa moto, Ijumaa, maandazi, maneno ya mumewe mbele ya majivu, na ile siku ya kalamu. Hakumlaumu Marcellin peke yake. Kila mahali aliposema “yeye”, aliongeza “na miye”.

Hakuna aliyepiga kelele. Marcellin alisimama, akasema mke wake amechoka na kichwa chake hakiko sawa tangu moto. Alitazama huku na huku akitafuta wa kumuunga mkono, hakumpata, akatoka.

Bruno aliuliza, kwa sauti ndogo, alijua tangu lini.

“Tangu ule siku.”

“Na ulikuya ku kilio ya papa. Ulipika.”

“Nilikuya.”

Bruno alichukua kofia yake akaondoka, bila kumtazama yeye wala Agnès. Agnès alikuwa bado chini, magotini. Yolande alijaribu kumwinua, akakataa. Alikuwa akimtazama Constance, na uso wake haukuwa na hasira, ulikuwa kama wa mtu anayehesabu siku.

“Vile ulikuwa unaniosha mikono,” alisema, “ulikuwa unajua?”

“Nilikuwa najua.”

“Kila siku?”

“Kila siku, Agnès.”

Agnès alijisaidia kwa viwiko, akainuka, akamshika Glody begani, na wakatoka. Constance alitaka kumfuata, lakini Yolande alimzuia mlangoni, akamwambia amwache, angalau leo amwache.

Marcellin hakulala Cimpunda siku ile. Alikimbilia Luvungi kwa kaka yake, na tangu hapo alituma salamu mara moja tu, kwa mtu, akitaka vyombo vyake vya kazi. Binamu yake alimwambia Constance atafute mahali pengine, kwani hapaswi kukaa katika nyumba ya ukoo aliouchafua. Bruno alipeleka habari kwa mkuu wa mtaa. Constance aliitwa, akaeleza tena yote, akatia sahihi. Jambo halikufika mbali, maana mwaka ule hakuna aliyejua vizuri kesi ya namna hiyo inapelekwa kwa nani.

Alikwenda kwa Padri Pascal kuungama. Kilichosemwa humo ni chao na Mungu. Lakini baada ya hapo padri alimwambia nje, mbele ya mlango wa kanisa, kwamba itabidi aache kamati ya huruma. Alionekana amechoka. Alisema yeye mwenyewe ana aibu, kwa kuwa alimsifu altareni bila kuuliza kwa nini mtu mmoja tu ndiye anayekwenda kwa Agnès, na hao wengine wote wako wapi. Constance alisema ndiyo, padri, akarudisha kikapu cha shirika.

Kina mama wa shirika sasa walipanda Cimpunda kwa wingi. Walimpelekea Agnès sufuria, mkeka, nguo za Glody, na maneno mengi mazuri. Alipokea vitu, kwa kuwa alikuwa na haja navyo. Hakuwakaribisha kuketi. Walipomwambia arudi shirikani, aliwaambia amewasikia. Constance alikwenda mara mbili. Mara ya kwanza Glody alitumwa kusema mama amelala. Mara ya pili Agnès mwenyewe alitoka, akasimama pale pasipo mlango, akamwambia kwamba hana nguvu ya kumchukia na hana nguvu ya kumsamehe, na kwamba aende tu.

Mwezi wa kumi na mbili Constance aliugua malaria. Alikuwa amepanga chumba kidogo karibu na soko, akifua nguo za watu. Shirika lina kanuni kwamba mgonjwa atembelewe kabla ya siku ya tatu. Yeye mwenyewe ndiye aliyeipendekeza kanuni hiyo zamani. Siku ya tatu ilipita, ya tano ikapita. Alisikia sauti za watu anaowajua zikipita barabarani. Siku ya tisa, kama saa kumi alasiri, Yolande aliingia na bakuli la sombe na ugali uliofungwa kwenye kitambaa.

Yolande alifagia chumba. Alimbadilishia shuka. Alifanya yote barabara, jinsi Constance alivyomfundisha, lakini hakuketi. Constance alimshukuru.

“Usinishukuru,” Yolande alisema. “Padiri ndiye alinituma. Miye peke yangu singekuya.”

Constance alisema anaelewa. Kisha akauliza habari za Agnès. Yolande alikuwa akikunja shuka chafu, aliendelea kukunja. Alisema Agnès aliondoka Jumatano kwa lori la kwenda Bunyakiri, yeye na mtoto, ingawa watu wanasema barabara si salama na kule kwao bado wanapigana. Hakuaga mtu. Ile sufuria na ule mkeka alimwachia mlinzi wa ile nyumba.

Yolande alimsogezea bakuli karibu na mkono, akamwambia ale kabla halijapoa, kwa maana yeye lazima arudi kupika kwake. Constance alivunja ugali, akachovya, akala.